WAJUMBE WA MIONZI NDANI YA MWILI

Jinsi madaktari wanavyotambua kazi ya viungo bila ya kupasua

Watu wengi wanapolisikia neno mionzi hukumbuka mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki katika mwaka wa 1945, nao huingiwa na hofu. Hofu hiyo ina sababu yake. Lakini kila siku, katika hospitali za nchi nyingi, wagonjwa hupigwa sindano au hupewa kinywaji chenye kitu kitoacho mionzi, na wengi wao hurudi nyumbani siku hiyo hiyo wakiwa salama.

Yuko mgonjwa ambaye akiambiwa kwamba atatiwa kitu cha namna hiyo mwilini hukataa, au jamaa zake humkataza, na ugonjwa ambao ungaligunduliwa mapema huendelea kukua kwa siri. Kwa hiyo yafaa mambo haya yaelezwe tangu mwanzo wake: kitu hicho ni nini, chafanya kazi gani, chapotea kwa njia gani, na ni hadhari zipi zinazotakiwa.

NG'OMBE MWENYE KENGELE

Mchungaji apelekapo ng'ombe kwenye kichaka kikubwa hawezi kuwaona wote. Kwa hiyo humfunga kengele shingoni ng'ombe mmoja au wawili. Ng'ombe hao hula majani yale yale wanayokula wenzao, hunywa maji yale yale, na hufuata njia ile ile. Mchungaji aliye mbali husikia kengele, akajua kundi liko wapi, linakwenda upande gani, na kama limesimama au linatembea. Kengele haimgeuzi ng'ombe kuwa mnyama mwingine. Kwa wenzake yeye ni ng'ombe tu.

Madaktari hutumia akili hiyo hiyo. Vitu vyote duniani vimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu za iodini zina tabia ya iodini, na atomu za chuma zina tabia ya chuma. Lakini atomu za kitu kimoja si lazima zote ziwe na uzito mmoja. Iodini ya kawaida, ile iliyomo katika samaki wa baharini na katika chumvi iliyotiwa iodini, ina uzito wa 127. Iko iodini nyingine yenye uzito wa 131. Ndugu hao wa kitu kimoja wenye uzito mbalimbali huitwa isotopu.

Mwili wa mtu hauwezi kuzibagua iodini hizo mbili. Huzipokea zote sawasawa na kuzipeleka mahali pamoja. Tofauti yao ni kwamba kiini cha atomu ya iodini 131 hakikutulia. Wakati wake ukifika hubadilika chenyewe, na kinapobadilika hutupa mionzi. Mionzi hiyo ndiyo kengele. Daktari akiwa na chombo cha kuisikiliza nje ya mwili, ajua iodini imekwenda wapi, kiasi gani, na kwa haraka gani.

Hapa ndipo uchunguzi huu unapotofautiana na picha ya eksirei. Katika eksirei mionzi hutoka katika mashine, ikapita mwilini, na kivuli cha mifupa kikaonekana. Katika uchunguzi wa wajumbe mionzi hutoka ndani ya mwili wenyewe. Eksirei huonyesha umbo la kiungo. Mjumbe huonyesha kazi yake. Maiti akipigwa eksirei, picha ya mifupa yake itakuwa karibu sawa na ya mtu aliye hai. Lakini mjumbe akitiwa katika maiti hatakwenda popote, kwa sababu hakuna damu itembeayo wala kiungo kifanyacho kazi.

BWANA HEVESY NA RISASI

Njia hii ilianza kwa kazi iliyoshindikana. Katika mwaka wa 1911 kijana mmoja kutoka Hungaria, George de Hevesy, aliyezaliwa Budapest katika mwaka wa 1885, alikuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, chini ya mtaalamu mkuu Ernest Rutherford. Bwana Rutherford alikuwa na risasi nyingi, yaani madini ile nzito, iliyochanganyika na kitu kitoacho mionzi kilichoitwa wakati ule radiamu D. Alimwagiza Hevesy akitenge kitu hicho na risasi.

Hevesy alijaribu kila njia aliyoijua, akashindwa kabisa. Baadaye ilifahamika sababu: radiamu D ilikuwa ni risasi yenyewe, isotopu yake nyingine. Mtu mwingine angalikata tamaa, lakini Hevesy aliligeuza jambo lile. Ikiwa vitu hivi viwili havitengani kwa njia yoyote, basi kidogo cha kile chenye mionzi kikichanganywa na risasi ya kawaida, kitafuatana nayo kila iendako na kutangaza mahali ilipo. Katika mwaka wa 1913 yeye na mwenzake Friedrich Paneth walilithibitisha jambo hilo katika mji wa Vienna.

Husimuliwa pia kwamba Hevesy alipokuwa Manchester alimshuku mama mwenye nyumba aliyokuwa akila chakula. Alidhani kwamba mabaki ya nyama ya Jumapili yalirudi mezani siku za katikati ya juma yakiwa yamepikwa upya. Mama yule alikana. Basi Jumapili moja Hevesy alitia kitu chenye mionzi kidogo sana katika mabaki ya sahani yake, na siku chache baadaye akaleta chombo chake cha kupimia na kukiweka karibu na chakula. Chombo kikaonyesha mionzi, na siri ikafichuka.

Katika mwaka wa 1923, akiwa Copenhagen, Hevesy alitia mizizi ya mimea ya maharagwe katika maji yenye risasi ya mionzi, akapima jinsi ilivyopanda kutoka mizizini kwenda katika shina na majani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutumia njia hii katika kitu chenye uhai. Katika mwaka wa 1935 aliwapa panya fosforasi yenye mionzi, akaona inaingia katika mifupa yao na kutoka tena. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani kwamba mfupa wa mnyama mzima umekwisha kutulia kama jiwe la nyumba. Sasa ilijulikana kwamba mfupa hujengwa na kubomolewa siku zote. Kwa kazi yake hiyo Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

IODINI NA TEZI YA SHINGO

Mbele ya shingo ya kila mtu iko tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hiyo huchukua iodini katika damu na kutengeneza dawa ya mwili iendeshayo joto, mapigo ya moyo na ukuaji wa watoto. Watu wakaao nchi za juu, ambako mvua za miaka mingi zimeosha iodini katika udongo, wamejua tangu zamani ugonjwa wa rovu, yaani kuvimba shingo. Tezi ikikosa iodini hujikuza ili ipate kunasa hata ile kidogo inayopita.

Katika mwezi wa Novemba, 1936, mtaalamu Karl Compton alitoa hotuba mbele ya madaktari katika mji wa Boston, Marekani. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako Daktari Saul Hertz, aliyekuwa akitibu magonjwa ya tezi hiyo. Hertz aliuliza swali moja fupi: je, iodini yaweza kufanywa itoe mionzi? Jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka uliofuata Hertz na wenzake waliwapa sungura iodini ya namna hiyo, wakaona tezi inaikusanya.

Lakini palikuwa na taabu. Iodini waliyoitumia, yenye uzito wa 128, ilipoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 25. Mjumbe wao alikuwa akinyamaza kabla ya kumaliza safari. Katika mwaka wa 1938 John Livingood na Glenn Seaborg, huko Berkeley, California, walipata iodini 131, ambayo hupungua nusu kila siku 8. Mjumbe huyo aliweza kusafirishwa mpaka hospitali za mbali na bado akawa na nguvu.

Kwa njia hiyo madaktari waliweza kupima tezi iliyozidi kazi na tezi iliyozembea. Mgonjwa hunywa iodini kidogo, na kesho yake chombo huwekwa mbele ya shingo. Ikiwa tezi imenasa iodini nyingi kupita kiasi, hiyo ni dalili ya tezi iliyopita mpaka wa kazi yake. Na ikiwa shingoni mna kifundo, picha huonyesha kama kifundo hicho hunasa iodini au hakinasi. Kisichonasa huitwa kifundo baridi. Vifundo baridi vingi si saratani, lakini ndivyo vinavyotakiwa kuchunguzwa zaidi.

Iodini hiyo hiyo ikitolewa kwa kiasi kikubwa zaidi huwa tiba, kwa kuwa mionzi yake huua chembe za tezi zilizozidi kazi au zenye saratani. Daktari Hertz alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa iodini yenye mionzi katika mwaka wa 1941. Lakini yafaa watu wasichanganye mambo mawili haya. Kiasi cha kuchunguza ni kidogo, na kiasi cha kutibu ni kikubwa, tena kina masharti yake makali.

MWILI USIOBAGUA WAWEZA KUDANGANYWA

Tabia ile ile ya mwili, ya kutobagua vitu vilivyo ndugu, yaweza kumwua mtu. Katika miaka ya 1920 wafanya biashara huko Marekani waliuza chupa za maji yenye radiamu, wakisema kwamba ni dawa ya kuongeza nguvu. Tajiri mmoja jina lake Eben Byers alikunywa chupa nyingi sana. Radiamu inafanana na kalsiamu, ile ijengayo mifupa. Basi mwili wake uliipokea na kuijenga ndani ya mifupa, hasa ya taya na ya kichwa. Mifupa ikaoza naye angali hai, na katika mwaka wa 1932 akafa.

Tofauti kati ya dawa ya hospitali na sumu ile iko katika mambo matatu: ni kitu gani, ni kiasi gani, na hudumu muda gani. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Iliyoingia mfupani mwa Byers haikuwa na nia ya kunyamaza katika maisha ya mtu yeyote. Kwa hiyo wataalamu walitafuta mjumbe ambaye angesema maneno yake kisha akanyamaza upesi.

HESABU YA NUSU KWA NUSU

Muda ambao kitu chenye mionzi hupungua nusu huitwa nusu-uhai. Hakuna moto, baridi wala dawa iwezayo kuuharakisha au kuuchelewesha. Mjumbe atumiwaye zaidi kuliko wote katika hospitali ni teknetiamu 99m, na nusu-uhai yake ni saa 6. Hesabu yake ni nyepesi. Mgonjwa akipigwa sindano saa mbili asubuhi, na nguvu za mionzi zikahesabiwa kuwa 100, zitapungua hivi:

Saa mbili asubuhi: 100
Saa nane mchana: 50
Saa mbili usiku: 25
Saa nane usiku: 12 na nusu
Saa mbili asubuhi ya kesho yake: 6 na robo

Na kwa kuwa sehemu nyingine hutoka kwa mkojo, kile kinachobaki mwilini ni kidogo hata kuliko hesabu hiyo.

Teknetiamu haichimbwi ardhini kama dhahabu. Hutengenezwa na binadamu. Ilipatikana kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1937 huko Palermo, Italia, na Carlo Perrier na Emilio Segrè, katika kipande cha madini ya molibdenamu kilichotoka katika mtambo wa Berkeley. Ni mjumbe mwema kwa sababu mbili. Kwanza, mionzi yake ina nguvu ya kutosha kutoka nje ya mwili na kuonekana, wala haina nguvu ya kupita kiasi. Pili, yaweza kufungamanishwa na dawa mbalimbali, na kila dawa yajua njia yake: moja huenda katika mifupa, nyingine katika figo, nyingine katika moyo.

NG'OMBE WA MAABARA

Msomaji mwenye akili atauliza: kitu kinachopungua nusu kila saa 6 chawezaje kusafirishwa kutoka nchi ya mbali? Kikifika kitakuwa kimekwisha.

Jibu lilipatikana katika maabara ya Brookhaven, karibu na New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wataalamu Walter Tucker na Margaret Greene walitengeneza chombo kinachotia ndani yake mzazi badala ya mtoto. Mzazi huyo ni molibdenamu 99, ambayo hupungua nusu kila saa 66, karibu siku tatu. Kila atomu yake inapobadilika, nyingi kati yake huzaa teknetiamu 99m. Molibdenamu imeshikamana na unga maalumu ndani ya bomba dogo lililozungukwa na risasi nzito. Asubuhi mfanya kazi hupitisha maji ya chumvi safi katika bomba lile. Maji huondoka na teknetiamu, na molibdenamu hubaki mahali pake. Kesho yake teknetiamu mpya imekwisha kukusanyika, na kazi hufanywa tena.

Wafanya kazi wa hospitali hulipa bomba hilo jina la ng'ombe, na kuitoa teknetiamu hukuita kukamua. Ng'ombe huyo hukamuliwa kila siku kwa muda wa karibu juma moja au zaidi kidogo, kisha maziwa yake hupungua mno, na mwingine huletwa kwa ndege.

Mahali hapa pana udhaifu mkubwa. Molibdenamu hutengenezwa katika vinu vichache vya atomu duniani, na haiwezi kuwekwa ghalani kama mahindi, kwa maana hupungua kila saa. Kimojawapo cha vinu hivyo kiko Pelindaba, Afrika ya Kusini. Katika mwezi wa Mei, 1909 wa karne iliyopita jambo hili halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Lakini katika mwezi wa Mei, 2009, kinu kikubwa cha Chalk River, Kanada, kilipofungwa kwa sababu ya kuvuja, hospitali za mabara mengi zilipungukiwa na dawa. Kinu kile hakikuwashwa tena mpaka mwezi wa Agosti, 2010. Katika muda huo uchunguzi wa wagonjwa wengi uliahirishwa, au madaktari walirudi kutumia wajumbe wa zamani.

KAMERA INAVYOSIKILIZA

Mwanzoni chombo cha kusikiliza kilikuwa kimoja tu, kikisogezwa kwa mkono juu ya mwili. Karibu na mwaka wa 1950 Benedict Cassen, huko Los Angeles, alitengeneza mashine iliyotembea yenyewe kwenda na kurudi, kama mtu alimaye mstari kwa mstari, huku ikitia alama katika karatasi. Katika mwaka wa 1957 Hal Anger wa Berkeley alitengeneza kamera iwezayo kuona kiungo kizima kwa mara moja.

Kamera hiyo ina sehemu tatu za kukumbuka. Ya kwanza ni bamba la risasi lenye matundu mengi kama sega la nyuki. Mionzi inayokuja moja kwa moja hupita katika matundu. Inayokuja upande huzuiwa. Ya pili ni fuwele, yaani kipande kipana kiangavu kama kioo. Kila mwonzi unapoigonga fuwele, cheche ndogo ya mwanga huonekana. Ya tatu ni mirija inayoigeuza cheche kuwa umeme na kupima imetokea mahali gani. Kompyuta hukusanya maelfu ya cheche hizo na kuzifanya picha. Kamera yenyewe haitoi mionzi yoyote, husikiliza tu.

MAMBO YANAYOONEKANA

Katika mifupa, mjumbe hukusanyika mahali ambapo mfupa unajengwa upya kwa bidii. Saratani ya matiti au ya tezi dume ikienea mifupani, mahali hapo huonekana peusi katika picha, mara nyingi miezi mingi kabla ya eksirei kuonyesha lolote. Lakini mfupa uliovunjika na kupona hivi karibuni, au kiungo chenye baridi yabisi, huonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kuanguka au kuvunjika amweleze daktari bila kuficha. Picha bila maelezo ya mgonjwa yaweza kupotosha.

Katika figo, daktari hutazama jinsi mjumbe anavyoingia na kutoka. Figo ikichelewa kumtoa, huenda njia ya mkojo imeziba. Jambo hili lina faida kubwa kwa watoto wadogo, kwani figo iliyoziba yaweza kufa pasipo maumivu makubwa. Katika moyo, mgonjwa huchunguzwa baada ya kufanya mazoezi na tena akiwa amepumzika. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi huonekana dhahiri.

Uko pia uchunguzi utumiao sukari. Chembe za saratani za namna nyingi hula sukari kwa pupa. Wataalamu hufunga florini 18 katika sukari ya glukosi na kuitia katika damu. Florini hiyo hutoa chembe iitwayo positroni, na positroni ikikutana na elektroni zote mbili hutoweka, zikatoa mionzi miwili iendayo pande mbili zilizokabiliana. Mashine yenye umbo la pete huipokea yote miwili na kujua mstari ilikotoka. Mtu wa kwanza alipewa sukari hiyo katika mwaka wa 1976. Ilitengenezwa Brookhaven na kupelekwa kwa ndege mpaka Philadelphia kwa haraka, maana nusu-uhai yake ni dakika 110 tu.

Katika Afrika ya Mashariki uchunguzi wa wajumbe wa mionzi hufanywa katika hospitali kubwa chache, zikiwamo za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mgonjwa hupelekwa huko kwa barua ya daktari wake.

HADHARI ZINAZOTAKIWA

Uchunguzi wa mifupa humpa mtu kiasi cha mionzi ambacho ni karibu sawa na kile apatacho kwa ardhi, anga na chakula katika mwaka mmoja au miwili. Hatari yake si sifuri, lakini ni ndogo. Na daktari mwema haamuru uchunguzi huu ila pale ambapo faida yake yaizidi hatari hiyo. Mgonjwa naye ana wajibu wake:

1. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kwamba huenda ana mimba, lazima aseme kabla ya sindano. Asione haya.

2. Mama anyonyeshaye lazima aseme. Kwa wajumbe wengine ataagizwa kuacha kunyonyesha kwa saa chache. Kwa iodini 131 itambidi kumwachisha mtoto kabisa, kwa kuwa iodini huingia katika maziwa na kwenda katika tezi ya mtoto.

3. Baada ya uchunguzi mgonjwa anywe maji mengi kama alivyoagizwa, aende haja ndogo mara kwa mara, na anawe mikono vizuri.

4. Katika saa za kwanza asiwapakate watoto wachanga kwa muda mrefu, wala asikae karibu sana na wanawake wenye mimba. Mtu akiongeza umbali mara mbili, mionzi impatayo hupungua mpaka robo.

5. Akiwa na safari ya ndege, aombe barua ya hospitali. Vyombo vya kiwanja cha ndege vyaweza kuitambua mionzi yake na kumletea usumbufu.

Wagonjwa wengine hushangaa kuona mfanya kazi wa hospitali anasimama nyuma ya kinga ya risasi, nao wakadhani kwamba wamepewa sumu. Sababu ni nyingine. Mgonjwa hupata kiasi kile mara moja, kwa faida yake mwenyewe. Mfanya kazi huyo huwahudumia wagonjwa wengi kila siku, mwaka baada ya mwaka, na yeye hapati faida ya uchunguzi. Ndiyo maana hujikinga, na hubeba kifuani chombo kidogo cha kupima mionzi aliyopokea.

MUHTASARI WA SOMO

Mjumbe wa mionzi ni kitu ambacho mwili hukipokea kama ndugu wa vitu vyake vya kawaida. Huonyesha kazi ya kiungo, si umbo lake tu. Usalama wake watokana na kuchagua kitu kifaacho, kiasi kidogo na nusu-uhai fupi. Radiamu ya chupa za Byers na teknetiamu ya hospitali zote hutoa mionzi. Moja ilikaa mifupani mpaka kaburini, na nyingine hunyamaza kabla jua halijachwa mara mbili au tatu. Mtu aijuaye tofauti hiyo hatakubali kila kiitwacho dawa, wala hatakimbia dawa iwezayo kumwokoa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mwili hauwezi kubagua iodini 127 na iodini 131?

2. Eksirei na kamera ya mionzi zatofautiana kwa jambo gani?

3. Mgonjwa amepewa teknetiamu saa moja asubuhi. Je, saa moja ya usiku wa siku hiyo nguvu zake zitakuwa sehemu gani ya zile za mwanzo?

4. Kwa nini molibdenamu haiwezi kuwekwa akiba kwa mwaka mzima?

5. Mama anyonyeshaye aambiwapo kwenda kuchunguzwa tezi ya shingo, amwambie daktari jambo gani kwanza?